Laptopu yasema memori haitoshi nikifungua bango la harusi: memori pepe niiweke ngapi?

BintMkomani, Lamu

Asalaam aleykum ndugu zangu. Naomba ushauri kabla sijagusa kitu nisichokijua.

Mimi hutengeneza kadi na mabango ya harusi hapa nyumbani, Mkomani. Laptopu yangu ina RAM (memori ya kufanyia kazi) ya GB 4, diski ya kawaida ya kuzunguka ya GB 500, na Windows 10 ya biti 64. Aliyeniuzia alikuwa ameshaigawa diski: C ina GB 80, zilizobaki zote ziko D. Programu ninayotumia ni Photoshop CS6.

Kadi hazinisumbui hata kidogo. Taabu ni mabango makubwa, yale ya kutundikwa nyuma ya bibi harusi. Nikifungua moja tu, taa ya diski haizimiki, kishale chaganda, nikibofya kitu nangoja mpaka nasahau nilichobofya. Halafu yatokea ilani kwamba memori ya kompyuta inakwisha, nifunge programu. Wiki iliyopita Photoshop ilijifunga yenyewe na kazi sijaihifadhi, na mwenye harusi alikuwa akiingoja.

Kijana mmoja kanambia nifungue mipangilio ya memori pepe niandike 20000 kwenye visanduku vyote viwili, na laptopu itakuwa sawa na yenye RAM ya GB 24. Mwengine kanambia niizime memori pepe kabisa, ndipo itakwenda kasi. Mmoja asema ongeza, mmoja asema ondoa. Nifuate lipi? Na nikiandika nambari kubwa kupita kiasi, diski yaweza kuharibika?

Kaskazi

Waaleykum salaam, dadangu. Kanuni ni hii: kiwango cha kuanzia kiwe RAM mara moja na nusu, kiwango cha juu RAM mara tatu. Kwa GB 4 andika 6144 na 12288 (hesabu ya humo ni MB), bofya Set, kisha izime laptopu na uiwashe tena. Za ofisini kwetu zote ziko hivyo.

MwanaWaShela

Aliyekwambia uizime ndiye mkweli. Memori pepe maana yake kompyuta inatumia diski badala ya RAM, na diski ni nzito kuliko RAM. Ukiizima italazimika kutumia RAM peke yake. Chagua "No paging file" kwenye C na kwenye D, umemaliza.

FundiBarani, Malindi

Bi Mkomani, tafadhali usizime, na hiyo 20000 pia usiiandike kwanza. MwanaWaShela, uliyoyasema kuhusu uzito wa diski ni kweli, lakini hitimisho lake litampotezea dada huyu kazi za watu, kwa hiyo niruhusu nieleze.

Programu inapotaka nafasi, huiomba Windows, na Windows hukubali au hukataa. Ili ikubali, jumla ya nafasi zote ilizokwisha kuziahidi programu zote isipite kikomo fulani. Kikomo hicho ni RAM ukijumlisha na faili moja lililofichwa kwenye diski, linaloitwa pagefile.sys. Faili hilo ndilo linalopangwa kwenye mipangilio ya memori pepe. Ukiliondoa, kikomo kinashuka kuwa RAM peke yake, na katika GB 4 zako Windows yenyewe na kivinjari vimeshachukua sehemu nzuri. Photoshop ikiomba nafasi ya bango itaambiwa hapana, na programu iliyoambiwa hapana katikati ya kazi mara nyingi hufa papo hapo. Si kwamba "italazimika kutumia RAM". Itakosa nafasi, basi.

Tena Windows ikianguka kwa skrini ya buluu, huandika kumbukumbu za ajali kupitia faili hilohilo. Bila hilo, fundi utakayempelekea hatakuwa na pa kuanzia.

Sasa upande wa pili. RAM ichukulie ni duka lako Langoni, na faili lile ni ghala lililoko Mokowe. Ghala likiwa kubwa utaweza kumiliki bidhaa nyingi, lakini mteja akitaka kilichoko ghalani, lazima mashua ivuke. Kuandika 20000 ni kujenga ghala kubwa zaidi, na kivuko kinabaki kilekile. RAM hujibu kwa sehemu za bilioni za sekunde, diski ya kuzunguka hujibu kwa sehemu za elfu za sekunde, kwa sababu kuna mkono unaotembea juu ya sahani kutafuta mahali penyewe. Na Windows huhamisha vitu hivyo kwa vipande vya KB 4, kwa hiyo mkono ule haupumziki. Ndiyo taa yako haizimiki.

Naomba uniletee mambo matatu. Fungua bango kama kawaida, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda "Performance" kisha "Memory". Kuna mahali pameandikwa "Committed" na nambari mbili zenye mkwaju katikati: ya kwanza ni nafasi iliyokwisha kuahidiwa, ya pili ni kikomo. Niandikie zote mbili. Papo hapo chini utaona "Slots used", yaani matundu ya RAM yaliyotumika, niandikie pia. La pili, C imebakiwa na nafasi kiasi gani. La tatu, bango lenyewe lina ukubwa gani na umeliweka dpi ngapi, yaani nukta ngapi kwa kila inchi.

MsomiWaFaza

Huku mkingoja majibu, mimi nashauri flashi. Chomeka flashi ya GB 16, bofya kulia juu yake, kuna sehemu ya ReadyBoost. Inatumia flashi kama RAM.

FundiBarani, Malindi

MsomiWaFaza, ahsante kwa kumfikiria. ReadyBoost ilikuja na Windows Vista, na kazi yake ni kuweka nakala ya vitu ambavyo vingesomwa kwenye diski, ili visomwe kwa haraka kidogo. Haiongezi kikomo hata kwa MB 1, kwa hiyo ilani yake itabaki palepale. Na faili la memori pepe lenyewe Windows haikubali liwekwe kwenye flashi.

BintMkomani, Lamu

Ahsanteni nyote, Mungu awalipe. Fundi, haya hapa:

Committed 8.8/9.1 GB, bango likiwa wazi pamoja na kivinjari chenye WhatsApp. Slots used 1 of 2.

C imebakiwa na GB 1.9, na nikizidi kufanya kazi nafasi hiyo yazidi kupungua, sijui ni kwa nini, maana picha zote za wateja naziweka D. Nikifunga Photoshop nafasi yarudi.

Bango ni mita 3 kwa mita 2, dpi 300. Kila mahali naambiwa kazi ya kuchapisha ni 300, kwa hiyo kadi na mabango yote naweka hivyo.

FundiBarani, Malindi

Bi Mkomani, umenipa kila kitu. Hapo kwenye dpi ndipo penye tatizo kubwa, na nitapafikia, lakini tuanze na swali lako la memori pepe.

Kikomo chako ni 9.1. Toa RAM, ambayo Windows inaiona kama 3.9, zinabaki 5.2. Hiyo ndiyo saizi ya faili lako sasa hivi, na Windows imejipangia yenyewe. Ikiachwa ijipangie, hulikuza faili hilo kadiri haja inavyopanda, hadi mara tatu ya RAM, ila isizidi moja ya nane ya sehemu lilipo. Mara tatu ya RAM yako ni GB 12, na moja ya nane ya C ni GB 10. Kwa hiyo Windows ilikuwa na ruhusa ya kufika karibu na GB 10 bila wewe kuandika nambari yoyote. Imesimama njiani kwa sababu C imejaa. Ungeandika 20000, isingekuwa na pa kuziweka hizo GB 20. Hata 6144 ya Kaskazi ingekuachia C yenye kama GB 1, na Windows yenye GB 1 ya kupumulia huanza visa vyake vingine.

Nani anaila C? Photoshop yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba ina faili lake la muda, mbali na lile la Windows. Kila unachofanya na kila hatua unayoweza kuirudisha nyuma, kisipoenea kwenye RAM, inakimwaga humo, na usipoielekeza itakimwaga kwenye diski iliyo na Windows. Ndiyo maana nafasi inapungua ukiwa kazini na kurudi ukiifunga. Yaani Windows na Photoshop zinagombania GB 1.9 zilezile, na wewe una D yenye mamia ya GB imekaa kando.

Nenda Edit, Preferences, Performance. Upande wa "Scratch Disks" ondoa alama kwenye C, weka kwenye D, kisha funga Photoshop na uifungue tena. Fanya hili leo hata kama hutafanya jingine lolote.

Halafu isafishe C. Picha zako ziko D, sawa, lakini angalia Downloads na eneokazi, maana WhatsApp ya kwenye kivinjari hushusha kila kitu kwenye Downloads, nayo iko C. Andika cleanmgr kwenye kisanduku cha kutafutia, kubali kufuta mafaili ya muda na mabaki ya masasisho ya Windows. Ukipata GB 15 tupu, mipangilio ya memori pepe usiiguse kabisa, iache ijiendeshe.

Ukishindwa kuzipata, hapo ndipo nakubali uingie kwenye mipangilio. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", bofya "Settings" ya sehemu ya Performance, nenda tena "Advanced", kisha "Change". Ondoa alama ya juu kabisa inayosema Windows ijipangie kwenye diski zote. Chagua C, weka "Custom size", 2048 kwenye visanduku vyote viwili, bofya Set. Chagua D, weka "System managed size", bofya Set. Watu wengi husahau kubofya Set kila mara, wakabofya OK wakadhani wamemaliza. Kisha washa upya. Lakini jua kwamba C na D zako ni diski moja yenye mkono mmoja, kwa hiyo kuhamia D kunakupa nafasi bila kukuongezea kasi. Kasi ingeongezeka kama D ingekuwa diski nyingine kabisa.

Sasa dpi. Mita 3 kwa mita 2 kwa dpi 300 ni pikseli (nukta za picha) 35,433 kwa 23,622. Hizo ni pikseli zaidi ya milioni 830, na kila pikseli ya rangi za RGB (nyekundu, kijani na buluu) inachukua baiti 3. Tabaka moja lililojaa linapita GB 2. Weka mandhari, picha ya maharusi, maua na maandishi, kisha uanze kurudisha hatua nyuma. Hata mashine yenye RAM ya GB 16 ingeanza kuhema.

Bango lilelile kwa dpi 100 ni pikseli 11,811 kwa 7,874. Tabaka zima halifiki MB 300. Umepunguza mzigo mara tisa, na watakaoliangalia wako ukumbini, hatua kadhaa mbali nalo. Kanuni ya 300 ni ya kitu kinachoshikwa mkononi na kusomwa karibu, kama kadi zako. Na fikiria picha ya maharusi iliyopigwa kwa simu ya megapikseli 12: ina pikseli 4,000 kwa 3,000 tu. Ukiinyoosha ifike 35,433, Photoshop inabuni zilizobaki. Hupati ukali wowote zaidi. Unabeba uzito wa bure.

Muulize anayekuchapishia mabango anataka dpi ngapi. Naamini atakwambia 100 au chini ya hapo.

Kaskazi

Fundi, nimekuelewa kuhusu C kujaa. Lakini hii kanuni ya moja na nusu tumefundishwa chuoni, na imeandikwa kila mahali. Wasema si kweli?

FundiBarani, Malindi

Kaskazi, ilifaa enzi ambazo kila mashine ilikuwa na RAM haba. Shida yake ni kwamba inaangalia RAM peke yake, bila kuuliza unafanya kazi gani. Mwenye RAM ya GB 64 ingemtaka atenge GB 96 za diski, na yeye ndiye asiyezihitaji. Mwenye GB 4 na kazi kama za Bi Mkomani angepewa GB 6, na huenda zisimtoshe.

Mark Russinovich wa Microsoft aliliandika hili vizuri mwaka 2008. Fungua kila kitu unachokitumia kwa pamoja, tazama kilele cha nafasi iliyoahidiwa, utoe RAM. Hicho ndicho kiwango cha kuanzia, na cha juu kiwe mara mbili yake. Mimi nikilazimika kuandika nambari kwa mkono, nafuata hiyo. Kwa mashine nyingi za nyumbani silazimiki.

Za ofisini kwenu hazijawasumbua kwa sababu yamkini kazi zenu haziukaribii huo ukomo. Ziache zilivyo, hazina ubaya.

MwanaWaShela

Nimesoma yote. Basi Bint Mkomani, usifuate nililokwambia juu. Fundi, swali moja: umeme ukikatika ghafla na faili hilo likiwa linaandikwa, Windows haiharibiki? Huku ukikatika haupigi hodi.

FundiBarani, Malindi

Faili hilo lenyewe halina hasara, yaliyomo hayana maana tena mashine ikizimika, na ikiwaka inaanza upya. Hatari iko kwa mafaili yako mengine yaliyokuwa yakihifadhiwa dakika hiyo. Kwa laptopu dawa ni betri nzima, hata ikiwa ya nusu saa. Usikubali kuambiwa betri imekufa lakini mashine inafanya kazi vizuri ikiwa kwenye chaji.

MamaMuyeye, Malindi

Samahani kwa kuingilia, wanangu. Mimi nina ya mezani, RAM 16, diski ya SSD, ile isiyozunguka, nyumbani hutumiwa na mwanangu kwa masomo. Fundi aliyeiweka alizima memori pepe akasema ni kuilinda SSD isichakae. Niirudishe?

FundiBarani, Malindi

Irudishe, mama. Weka alama kwenye kile kisanduku cha juu kabisa cha Windows kujipangia, uwashe upya. Ni kweli SSD ina kiasi chake cha kuandikwa katika maisha yake, lakini kwa RAM 16 na kazi za masomo faili hilo litaandikwa kidogo sana, na SSD ndiyo mahali pazuri kuliko pote pa kuliweka. Nimeona mashine ikikataa kufungua mtihani wa mtandaoni kwa kukosa nafasi ya namna hii, na mtoto hajui afanye nini.

BintMkomani, Lamu

Assalamu aleykum tena. Nimerudi na habari.

Faili la muda la Photoshop nimelihamishia D. Downloads ilikuwa na video za maharusi ambazo sikujua kama zimo, nimezihamisha, na kwa kusafisha zaidi C sasa ina GB 22 tupu. Memori pepe sikuigusa. Anayechapisha yuko Mombasa, nikampigia, akanambia mabango huyachapa kwa 72 hadi 100, na faili zangu zilikuwa zikimchelewesha hata yeye kuzipakua.

Bango la leo nimelifanya kwa 100. Committed haikufika 6, na ilani sijaiona. Nilihifadhi na kulituma kabla ya Isha, kitu ambacho sikukizoea. Fundi, Mungu akuzidishie.

Limebaki moja. Nikitoka Photoshop kwenda kwenye kivinjari bado yakwama kidogo, na asubuhi yachukua muda mrefu kuwaka. Hapo ni RAM au ni diski? Pesa ninayo ya kitu kimoja kwa sasa.

FundiBarani, Malindi

Alhamdulillah. Hilo limenifurahisha kwa kweli.

Kuwaka polepole ni diski. Kukwama ukihama programu ni RAM kupungua, na diski ndiyo inayokufanya uusikie upungufu huo. Kwa mwenye kununua kimoja, na kazi yako sasa inaingia chini ya GB 6, ningeanza na SSD, maana itagusa kila kitu: kuwaka, kufungua Photoshop, na hata mashua zile za kwenda ghalani zitakuwa za mashine. Chukua ya SATA ya inchi 2.5. Fundi ahamishe kila kitu kutoka diski ya zamani, na asiigawe tena kuwa C ndogo na D kubwa. Iwe moja.

Ukipata pesa ya RAM, una tundu moja tupu la RAM, kwa hiyo hutaitupa uliyo nayo. Kabla ya kuagiza, mwambie fundi afungue nyuma akusomee stika ya RAM iliyomo. Kama laptopu yako ina prosesa ya Intel ya kizazi cha nne au cha tano, itakuwa imeandikwa PC3L, na hiyo L lazima iwepo kwenye mpya pia: zenye L hutumia volti 1.35, zisizo nayo hutumia 1.5, na laptopu nyingi za wakati huo ukizipa isiyo na L haziwaki. Nambari inayofuata kwa kawaida ni 12800. Piga picha ya stika umtumie muuzaji, na kitu kisitoke Mombasa mpaka akurudishie picha ya anachokutumia. Kurudisha kifurushi kutoka Lamu ni gari na mashua tena, na wewe una harusi za watu.